Jiko la Halua

Dar es Salaam, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Lina,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, mafua tu ya kiyoyozi cha ofisini. Miguu ya Baba inaendeleaje?

Shamimu wa Ipuli kaniambia Baba amekukabidhi jiko la halua, mbele ya watu, baada ya Ijumaa. Hongera. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Mimi ndiye mkubwa, Lina. Miaka yote nakagua hesabu za watu na sijui naifanyia nini kazi hii, nawe unapewa ambayo ningeifanya kwa moyo. Hakuna aliyeniuliza. Nachukua likizo, nakuja Tabora kukoroga.

Kaka yako,
Hamoudi

Tabora, 23 Juni 2025

Kaka Hamoudi,

Shikamoo. Sisi wazima, Baba sasa anakwenda msikitini mwenyewe.

Njoo, nyumba ni yako. Lakini nimekasirika. Ulipopelekwa chuo mimi niliachwa na moshi, nikakuonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Sasa moshi nimeuzoea, nimeupenda, nawe ndipo unapoutaka.

Mdogo wako,
Lina

Tabora, 10 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Uliondoka bila kuaga, natumaini ulifika salama. Mkono niliouunguza ulipokuwa hapa unapona.

Siku ile uliponipokea mwiko, Baba alionja akasema, "Hamoudi ana mkono." Sasa ndiyo hadithi yake kwa kila mteja, na anataka urudi ushike jiko. Nimelia, sikufichi. Mimi hajawahi kuniambia hivyo. Kama unarudi niambie mapema, nitafute pa kwenda.

Lina

Dar es Salaam, 28 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, nisamehe kwa kukawia.

Baba aliponisifu, niligeuka upesi kutazama mlangoni kama umesikia. Ulikuwa umesikia, nikafurahi. Nyuma yangu halua ikaanza kushika chini. Ukaja mbio na bandeji yako, ukaninyang'anya mwiko bila hata kuniangalia.

Hapo nilijijua, na ndiyo maana niliondoka kimyakimya. Kazi sikuitaka, nilitaka kukushinda. Hata uhasibu niliusomea kwa sababu binamu Majid alitangulia. Ninachokitaka mwenyewe, bado sijui.

Sirudi. Baba nimemwambia kwa simu, amenuna. Wivu haujaisha, Lina, ila si wa jiko tena. Nakuonea wivu kwamba una kitu ambacho ukikishika humtazami mtu.

Kaka yako,
Hamoudi