Radhi Uliyoniomba Bila Kosa

Mpendwa mama mkwe,

Kuna jambo ulikufa ukiliamini, na aliyekuaminisha ni mimi. Sikukudanganya, Mama. Nilikuambia nilichoambiwa na mimi tangu utoto. Lakini tangu nijue ukweli, kila nikipita njia ya makaburi tulikokuzika nimekuwa nikiinamisha uso, kama mtu aliyekula chakula cha wenyewe. Nimeona nikuandikie, maana kulisema kwa sauti nyumbani kwako bado kunanishinda.

Unakumbuka siku niliyoletwa kwako kutoka kijijini kwetu Wamaza. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, mikeka haionekani kwa wingi wa magoti. Mashangazi wa mwanao Ramazani waliimba, wengine wakapiga vigelegele, mimi nimekaa katikati na kitenge changu kipya, natazama chini kama bibi arusi anavyopaswa. Wewe ulivua shanga zako nyekundu, zile ulizopewa na mama yako mzazi, ukapita nyuma yangu, ukanivisha. Ulitaka kunionyesha mbele ya watu wote kwamba mimi Mkristo, mtoto wa wakulima, nimekuwa binti wa nyumba hiyo.

Sikumbuki mkono wangu ulivyoinuka. Nakumbuka uzi kukatika, shanga kutawanyika, na mimi mwenyewe kupiga kelele ambayo sikujua ilikuwa tumboni mwangu. Nilikimbilia uani, nikatapika karibu na jiko. Nyuma yangu nyimbo zilikatika, halafu nikamsikia shangazi mmoja akisema, bila hata kushusha sauti:

"Anatupa shanga yetu? Bado banatuhesabia kamba?"

Kila mtu alielewa. Hapa Kasongo mambo hayo hayasemwi, lakini hakuna asiyeyajua: babu zenu walikuja na misafara ya pembe na watumwa, babu zetu ndio waliofungwa kamba shingoni. Wajomba zangu walikuwa wamekaa barazani wanasubiri wali, wakainuka. Ndoa ilibaki kidogo tu ivunjike siku ileile. Nami nilichuchumaa pale uani, kamasi na machozi, natamani ardhi inifunike.

Uliokota shanga zote wewe mwenyewe, kwa magoti. Kisha ukanifuata, ukachuchumaa kando yangu, ukaniuliza polepole: "Mwanangu, ni sisi?"

Ulinipangusa uso kwa upindo wa nguo yako, ukarudi ndani, ukawaambia watu kwamba bibi arusi ana homa. Wajomba walikaa tena. Wali ukaliwa.

Wiki kadhaa baadaye ulikuwa kwenye cherehani, unashona sare za shule, nami nakupigia pasi. Uliniuliza tena, maneno yaleyale. Siku hiyo nikakusimulia habari za Kabibi, mama wa nyanya yangu, ambaye mimi ndiye mwenye jina lake. Nikakuambia kwamba alichukuliwa bado msichana mdogo, akatembezwa na kamba shingoni hadi karibu na mto, akatoroka, akarudi kwao na kovu. Hakuvaa kitu shingoni mpaka alipokufa. Nami tangu nikiwa mtoto sikuweza kuvumilia kifungo cha shati, wala rozari, wala mkono wa mtu kisogoni. Nyanya alisema kwetu: "Ni Kabibi amerudi. Hiyo woga si ya mutoto, ni ya ule mama wa zamani." Nikakua hivyo, nikiamini kwamba niliwahi kuishi kabla ya kuzaliwa, na kwamba huko ndiko nilikoumizwa.

Ulisimamisha cherehani. "Basi ni sisi," ulisema.

Halafu ukafanya kile kinachonichoma hadi leo. Ulivua viatu, ukateremka kwenye kiti, ukakaa chini kwenye udongo mbele yangu, mimi mkweo, mtoto uliyemzidi miaka chungu nzima. Ukasema: "Mimi sikufunga mutu kamba. Lakini hii nyumba ilijengwa na mali ya benye balifunga. Unisamehe, wewe na ule mama."

"Inuka, Mama, watu wataona."

"Baone. Unisamehe kwanza."

Nikasema nimesamehe. Niliona aibu, lakini nisikufiche, nilijisikia pia mkubwa kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza woga wangu kupewa heshima.

Tangu siku hiyo ulibeba mzigo ule kila mahali. Blauzi zangu zote ulizikata upya, ukazipanua shingo. Ulizituma zile shanga kwa dada yako, hukuvaa nyingine tena. Wageni wakija na mikono ya kukumbatia, uliwawahi mlangoni: "Mukwe wangu musimuguse shingo." Jumapili uliniamsha wewe mwenyewe niende misa, kama mtu anayelipa. Na wiki ya mwisho, ulipokuwa hulishiki tena hata bakuli la uji, ulinivuta mkono ukaniuliza kama Kabibi amesikia ile radhi. Nikakujibu kwamba amesikia. Ukafumba macho.

Sasa nisikilize, Mama.

Miezi michache baada ya kukuzika, mama yangu mzazi alikuja kukaa nasi. Watu wenye silaha walikuwa wanazunguka tena upande wa Wamaza, na miguu yake haiwezi tena kukimbia. Ramazani alimfuata kwa pikipiki. Wakati huohuo mjukuu wako, Mwajuma, yule mwenye jina lako, alianza kukataa mtandio wa kuendea chuo cha Korani. Mtoto aliyekuwa akikimbilia chuo sasa anang'ang'ania mlango. "Shingo yangu iko nakazwa," alilia, na mtandio hata haujamgusa.

Shangazi yake Ramazani alikuwepo asubuhi hiyo. Akatikisa kichwa, akasema: "Kabibi huyo. Ametoka kwa mama, ameingia kwa mutoto."

Mama yangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akauweka chini.

"Mumuache Kabibi," alisema. "Kabibi hana kosa. Ni mimi."

Alinisimulia hapohapo, bila kunitazama. Wakati wa vita nilikuwa mdogo, hata meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Tulikimbilia porini na majirani, tukalala chini kwenye majani marefu. Watu wenye bunduki wakawa wanapita kwenye njia, karibu kabisa, sauti zao zinasikika. Mimi nikaanza kulia. Majirani wakamnong'oneza: "Nyamazisha ule mutoto, tutakufa bote." Alinifunga kitenge mdomoni. Kikateremka shingoni. Akakivuta, na kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka hakujua anakivuta wapi.

"Ukanyamaza," alisema. "Nikamushukuru Mungu. Benye bunduki bakapita. Nikafungua kitenge, ulikuwa umelegea kama nguo. Nilijua nimekuua."

Mwanamke mmoja alinimwagia maji, akanipiga mgongoni, nikavuta pumzi. Hakuna aliyelizungumza tena. Tuliporudi kijijini nikaanza kupiga kelele kila kitu kikinigusa shingo, na nyanya akasema ni Kabibi. Mama yangu alinyamaza.

"Nilifurahi, mwanangu," aliniambia. "Nilisema moyoni, basi, si mimi. Nikamuachia marehemu abebe."

Shangazi alitoka bila kuaga. Mwajuma alisimama mlangoni na mtandio wake mkononi, anatutazama sote wawili. Sikumkumbatia mama yangu, nakuambia ukweli. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama palepale nilipotapika siku ya arusi. Nilimwonea hasira, kisha nikaona haya kwa hasira hiyo, maana alinifunga ili niishi, na niliishi. Halafu nikakukumbuka wewe, umekaa kwenye udongo bila viatu, na haya ile ikawa kubwa kuliko zote. Uliinama kwangu kwa jeraha ambalo nyumba yako haikulitia.

Nilimwambia Ramazani jioni. Nilidhani atakasirika kwa ajili yako. Alijipangusa vumbi la barabara ya Salamabila miguuni. Kisha akasema: "Kabibi alifungwa kweli ao hakufungwa?"

"Alifungwa. Mama anasema nyanya aliliona kovu kwa macho yake."

"Basi Mama hakuomba radhi ya uongo. Aliomba ya kweli, kwa mutu wa karibu na Kabibi."

Maneno hayo nimeyageuza kila upande. Siku nyingine yananituliza. Siku nyingine naona ni Ramazani tu anataka mama yake asiwe amedhalilika bure. Mwenye haki na radhi ile hana hata kaburi linalojulikana. Ile njia ya misafara ilipopita pamelimwa mihogo. Sijui radhi hiyo nimrudishie nani. Ila katika nyumba zote za Kasongo sijasikia nyingine ambamo mtu aliwahi kuketi chini akaomba, na nisingependa kuifuta radhi hii kwa sababu tu ilinifikia mimi. Kwa hiyo nimebaki nayo. Naona haya kubaki nayo, lakini nimebaki nayo.

Woga haukuondoka kwa sababu nimejua ulikotoka, Mama. Nilidhani ungeondoka. Mkono wa mtu ukinijia ghafla bado moyo unaruka. Kilichobadilika ni kwamba Mwajuma aliniuliza, nami nikamwambia: hakuna mtu wa zamani ndani yako, wala huna ubaya wowote, uliniona mimi nikiogopa, ukafikiri shingo ni mahali pa kuogopa. Sasa anakwenda chuo na mtandio mkononi, anauvaa akifika. Mwalimu amemkubalia.

Aliyebaki ni mama yangu. Ananitazama shingo kabla ya kunitazama uso. Kula alikuwa anakula pembeni, kama mgeni asiyeitwa. Wiki iliyopita nilichukua kitana na mafuta, nikaenda kukaa chini kati ya magoti yake, nikamwambia: "Mama, unisuke."

Unajua nywele zangu nilizikata fupi miaka yote, na unajua kwa nini. Hivi karibuni nimeziacha ziote. Mama yangu alikataa. Nikakaa. Akakataa tena. Nikaendelea kukaa. Mwishowe nikahisi vidole vyake juu ya paji la uso. Alisuka mbele, akasuka upande wa kulia, taratibu, akiniuliza kila mstari: "Niendelee?" Nami nikijibu: "Endelea." Alipofika kisogoni jasho lilinitoka, meno yakagongana. Nikasema: "Hapa tuache." Akaacha palepale, mikono juu, kama mtu aliyeshikwa akiiba. Nikageuka, nikaishika mikono ile miwili, nikailaza mapajani mwangu. Tulilia kidogo, si sana. Mchuzi ulikuwa motoni.

Mchuzi haukuwa na chumvi. Nikatoka kwenda sokoni jinsi nilivyokuwa, kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama kama manyasi. Muuza chumvi akaniuliza kama msusi wangu amekimbia. Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimeshafika nyumbani na chumvi yangu ndipo nilipogundua kwamba njia nzima, hata pale makaburini, sikuinamisha uso.

Pumzika, Mama. Kwa Kabibi huna deni tena, na kwangu hukuwahi kuwa nalo.

Ni mimi mkweo, uliyeniita mwanangu.