Suti Niliyovaa Siku ya Kikao

Lizaboni, Songea
Jumamosi mchana

Mama Kastori mke wangu,

Pokea salamu zangu nyingi huko Lusewa, wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi mwili ni mzima, kifua tu kinabana asubuhi, maana baridi ya Songea mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno. Goti lako linaendeleaje? Ufuta mmekwisha kuupiga au matita bado yamesimama shambani? Yule mbuzi mwenye mimba amezaa? Nijibu yote hayo moja moja. Usiseme tu hatujambo, ukisema hivyo najua kuna kitu unanificha.

Barua hii isome mwenyewe. Usimpe katekista akusomee hata kama mwandiko wangu unakusumbua. Kwenye simu nisingeweza kusema, kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa na mashemeji wanakaa hapo kusikiliza kama redio. Na jambo lenyewe ni la aibu, aibu yangu mimi, si ya mtu mwingine.

Unanijua. Miaka yote niliyolinda ghala la tumbaku Namtumbo halikupotea hata robota moja, na wezi walikuwa wananisalimia kwa jina. Hapa chuoni vilevile. Tangu nimeshika geti hakuna mbuzi aliyeingia kula maua, hakuna muuza karanga aliyepita bila kuulizwa. Mkuu wa chuo alisema mbele ya walimu kwamba sasa geti lina baba. Hayo si maneno yangu, ni yake.

Sasa kazi yangu kubwa hapa ikawa nguo. Watoto wa siku hizi wanatoka kitandani wanaingia darasani, sikudanganyi. Mvulana mwenye ndevu anakuja na bukta na malapa, na ndani ya malapa kuna soksi. Wasichana wanakuja na dera la kulalia, juu wametupia sweta, kichwani kofia ya kubania nywele. Wengine wanavaa suruali laini zenye picha za dubu na mioyo, wanaziita pajama. Ukiwauliza wanakujibu, babu, baridi. Au, babu, kinachosoma ni kichwa, suruali haisomi. Mkuu akabandika tangazo getini kwamba nguo za kulalia haziruhusiwi darasani, akaniambia, mzee simamia hili. Nikasimamia. Kwa wiki moja tu niliwarudisha wengi mpaka wakaanza kuchungulia kwanza kona kama nipo.

Kuna binti mmoja anaitwa Editha, yuko mwaka wa pili, anasomea ualimu. Hakai bwenini, amepanga chumba huko chini, kutembea ni kama nusu saa. Jumatatu hii iliyopita alikuja anakimbia, saa mbili kasoro kidogo, suruali ya dubu, sweta la kijani, daftari kwapani.

Nikamwambia, "Rudi."

"Shikamoo babu. Nina mtihani saa mbili, nilikesha nasoma nikapitiwa na usingizi. Naomba leo tu."

"Kila mtu anasema leo tu. Rudi ukavae."

"Nikirudi mlango utafungwa. Hii nayo ni nguo babu, imenifunika mpaka kisiginoni."

"Ya kitandani hiyo. Hapa ni chuo."

Akanitazama, akashusha pumzi. "Haya babu, umeshinda."

Hayo tu, mama Kastori. Akageuka akakimbia. Aliporudi na sketi mlango wa mtihani ulikuwa umefungwa zamani, akakaa kwenye jiwe nje ya geti ameweka daftari magotini. Lakini vijana waliokuwa hapo getini waliposikia ile umeshinda walicheka, na kicheko chao kikanichoma. Mimi nachekwa na watoto. Kuna daftari la getini tunaloandika mambo ya kila siku, nikalifungua nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Editha wa mwaka wa pili amekuja na nguo za kulalia na amemtolea mlinzi matusi ya nguoni.

Hakunitukana. Hata nusu ya tusi hakusema. Niliandika uongo kwa mkono huu huu ninaokuandikia.

Mkuu akasoma, akaitisha kikao cha nidhamu Jumatano, na mimi niitwe kama shahidi. Moyo wangu ulifurahi, siwezi kukuficha. Kikao cha walimu wenye digrii, na mimi nimeishia darasa la nne, naitwa nikaseme. Jumanne nikaenda sokoni kwenye mitumba kutafuta nguo ya kufanana na siku hiyo. Ndiyo ile suti niliyokupigia simu kuisifia, na wewe ukawaambia wanawake wa jumuiya.

Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Rangi ya bluu iliyoiva, inang'aa, ukingoni imezungushiwa uzi mweupe, kola kubwa, mfuko kifuani na herufi zimefumwa juu yake. Koti na suruali vinafanana kabisa. Suruali haikuwa na zipu, ina kamba kiunoni, nikamwuliza muuzaji mbona hivi. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni ya bosi mwenye kitambi, mkanda unamuumiza." Nikaona ina akili. Nikapiga pasi, nikavaa na viatu vyangu vya harusi ya Kastori. Asubuhi ile wanafunzi walinisalimia kuliko siku zote. "Babu leo umetuua." "Babu simama tukupige picha." Nikasimama, mkono mmoja mfukoni.

Kikaoni walikuwepo mkuu, walimu watatu na Editha amekaa pembeni. Nikasimama nikaeleza, na sauti yangu unaijua, haihitaji spika. Nikasema maadili yanakufa, vijana hawajui tena nguo ya mchana na nguo ya usiku. Mwalimu mmoja aliinamisha kichwa mezani mabega yakawa yanatikisika, nikadhani amepata uchungu kwa maneno yangu. Mkuu akaniuliza, "Mzee, alikutukana vipi?" Nikasema ni matusi ambayo mtu wa umri wangu hawezi kuyarudia mbele ya watu. Wakakubali. Hawakuuliza tena, kwa sababu mimi ni mzee.

Wakamgeukia binti, wakamwambia ajitetee. Akaniangalia kuanzia kola mpaka kwenye viatu, akapandisha macho tena mpaka usoni kwangu. Nikaona midomo yake inataka kufunguka. Kisha akasema, "Sina la kusema. Kama babu anasema nimemtukana, anisamehe."

Uamuzi ukawa kwamba aje mzazi wake aniombe radhi. Ijumaa kulikuwa na marudio ya mtihani ule kwa waliokosa. Mzazi akija kabla ya hapo, Editha atafanya. Asipokuja, hatafanya, na asipofanya anarudia mwaka mzima.

Nikarudi getini nimejaa majivuno. Baadaye akapita na mkoba wake, nikamwambia, "Umejifunza?"

Akasimama. Akaangalia nyuma kama kuna mtu, akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Babu, naomba usikasirike. Hiyo nguo uliyovaa ni pajama. Ni ya kulalia, ya wazee wa Ulaya. Nilitaka kukwambia kabla hatujaingia kule ndani, nikaogopa utaandika tena kwamba nimekutukana."

Akavua sweta lake la kijani akaniwekea mezani. "Jifunge hili kiunoni mpaka wenzangu watoke." Akaenda zake na baridi ile.

Mimi nikasema ananidhihaki kwa hasira. Nikaenda jikoni kwa mama anayepika, mtu mzima, Mngoni mwenzangu, nikamwuliza hii nguo ni nguo gani. Akafuta mikono kwenye khanga muda mrefu. "Baba, sisi tulidhani unajua. Na kama hujui, nani angekwambia? Wewe ni mkubwa."

Mke wangu, mimi na wewe tumelala na shuka miaka yote ya ndoa yetu. Nani angejua kuna watu wanashonewa suti ya kulalia, yenye mfuko kifuani, sijui wanaweka kalamu ya nini usingizini. Lakini hiyo siyo aibu ninayokuandikia. Kuchekwa nguo ningevumilia, ningegeuza maneno kama kawaida yangu nikacheka nao. Aibu ni kwamba binti yule alikuwa na neno moja tu la kusema kwenye kikao kile, walimu wote wangeangua kicheko na kesi ingeisha. Akalimeza kwa ajili yangu mimi niliyemzushia.

Na bado nilikuwa mkaidi. Usifikiri nilikwenda kusema ukweli siku ile. Nilijiambia suala la nguo ni mbali na suala la matusi ni mbali, tena kikao kimekwisha, mzee harudi nyuma kama mtoto. Jumatano ikapita hivyo.

Alhamisi akaja mama yake kutoka Maposeni. Mwanamke mwembamba, mkulima wa mahindi, mjane, nyufa za miguuni zimejaa udongo mwekundu wa shamba. Alikuwa amebeba kuku mtetea kwenye kikapu na kifurushi cha maharage. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu getini. Akaweka kikapu chini, akapiga magoti mawili yote kwenye kokoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mimi ndiye mama wa Editha. Nimekuja miguuni pako. Nimeambiwa mtoto wangu amekutukana matusi ya nguoni. Nimemlea peke yangu, labda kuna mahali nimekosea, sikumfundisha. Nimemwuliza ulimtukana babu vipi, anakataa kuniambia, analia tu. Baba, unitukane mimi. Usimwekee kinyongo, mwache aingie kwenye mtihani."

Akamshika yule kuku kwa mikono miwili akaninyooshea.

Sikuweza kumpokea. Nikamwambia inuka mama, akasema siinuki mpaka useme umesamehe. Wanafunzi wanapita, wanatazama, mama mtu mzima kwenye kokoto. Basi nikashuka kwenye kiti, na mimi nikapiga magoti pale pale mbele yake, na unajua mgongo wangu ulivyo. Nikasema, "Mtoto wako hakunitukana. Niliandika uongo." Hakuelewa, ikabidi niseme tena kwa sauti kubwa, na waliokuwa wanapita wakasikia wote.

Akauliza polepole, "Sasa baba, kwa nini?"

Nikamwinua, nikachukua daftari la getini.

Tukaenda wote wawili kwa mkuu. Nikamweleza mambo yote, na daftari nikamfungulia ukurasa. Akazungusha kalamu. "Mzee, unajua tungemharibia mwaka huyu mtoto kwa mkono wako?"

"Najua."

"Na mimi niliamini kwa sababu ni wewe."

Hapo ndipo aliponiumiza. Akafuta ile adhabu mbele ya mama yake, akasema Editha atafanya mtihani. Kuhusu mimi akasema mtu aliyeandika uongo kwenye daftari la getini hawezi kuendelea kulishika. Nimalize mwezi huu, kisha nirudi nyumbani. Sikubishana. Wewe ndiye utashangaa kusikia hivyo, lakini sikubishana.

Yule mama alikataa kurudi na kuku. Alisema alimtoa kwa ajili yangu na hawezi kumbeba tena. Nimemfunga mguu hapa nje ya chumba changu. Jana ametaga yai, sijalila. Kila nikimtazama nashindwa hata kumtupia pumba kwa furaha.

Kwa hiyo mwezi ukiisha utaniona. Nakuambia mapema ili usisikie kwa watu wa basi. Wakiuliza wanawake wa jumuiya kuhusu ile suti, waambie ilikuwa ya kulalia. Na wakiuliza kwa nini nimerudi, usiseme kazi imeisha, wala usiseme kifua. Waambie mume wangu alimsingizia mtoto wa watu. Mimi nikifika nitarudia mwenyewe, lakini nataka wawe wamekwisha kusikia, la sivyo najijua, nitaanza kuipamba habari hii.

Msalimie Kastori, mwambie asiuze ule ufuta kabla sijafika. Msalimie mkwe wetu mke wake na yule mjukuu wangu anayejifunza kutembea. Wasalimie mashemeji wote, pamoja na huyo mkubwa anayenicheka, safari hii ana haki. Dada yangu wa Namtumbo akipita hapo msomee barua hii yote, usiruke popote.

Jana Ijumaa nilifungua geti mapema kabla ya mtu yeyote. Editha alikuja saa moja na nusu, nimemwona tangu mbali, sikutazama amevaa nini. Alipofika akapunguza mwendo kama anavyofanya kila siku akaniambia, "Shikamoo babu." Nikataka kuitikia. Marahaba haikutoka mpaka alipokwisha kuingia ndani na mlango wa chumba cha mtihani kufungwa nyuma yake.

Ni mimi mume wako,
Baba Kastori