Mfupa Umepona

Jumatatu, 16 Juni
Mazoezi kabla ya chai. Kulala chali, magoti juu, kuinua kiuno, kushusha polepole. Mguu wa kushoto ukawaka moto mpaka kidole gumba. Nikaendelea. Halafu nikabaki pale mkekani nikimtukana Mutwiri kimoyomoyo. Ni yule Mmeru wa mazoezi pale hospitali. Mpole. Ananiita mama. Hajawahi kulala na mgongo huu.

Alhamisi, 19 Juni
Hospitali. Mutwiri aliniuliza makovu ya mgongoni ni ya nini. Nikamwambia: mzee wa kuchoma, yule anayetibu kwa moto. Mume wangu Galgalo alinipeleka kwake mwaka ule nilipoanguka kutoka kwenye lori nikishusha mitungi ya maziwa ya ngamia. Chuma chekundu, na wifi yangu Dabo amenishika mikono. Nilitaka kulia. Sikulia. Upepo na vumbi njia yote ya kurudi. Nimepumzika kwenye ukuta wa msikiti kama mlevi.

Jumamosi, 21 Juni
Harusi ya Qabale imepangwa. Binti yangu wa pekee. Itakuwa Leparua, kwa kaka mkubwa wa Galgalo, Jumapili tarehe sita. Habari nimeipata kwa Dabo, si kwa mume wangu. Dabo ndiye atamvisha bibi harusi na kumtoa mbele ya wanawake. Katika ukoo huu hiyo ni kazi ya mama.
Nilimuuliza Galgalo. Akajibu bila kuniangalia, "Barabara ni mbaya. Na watu watakuona umelala. Ni aibu."
Aibu ya nani? Sikuuliza.

Jumanne, 24 Juni
Nimemwambia Mutwiri nataka niwe nimepona kabla ya harusi. Akavuta kiti, akakaa. Daktari akivuta kiti, hakuna jema. Akasema picha inaonyesha mfupa umepona zamani. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu, imezoea kupiga kelele hata pasipo na jeraha. Huenda maumivu yasiishe. Mazoezi ni ya kunirudishia maisha yangu, maumivu yakiwepo.
"Kwa hivyo nadanganya?"
"Sijasema hivyo, mama. Unaumwa kweli. Ni mfupa ndio hauna shida."
Nikavaa viatu, nikatoka. Miezi yote hii nainua kiuno kama mjinga. Sirudi.

Jumatano, 25 Juni
Galgalo aliuliza daktari alisema nini. Nikamweleza yote. Alichosikia ni kitu kimoja: mfupa umepona. Kufika jioni, Dabo alishajua. Akasimama mlangoni.
"Alhamdulillahi, kumbe umepona! Basi amka utupikie."
Akacheka. Galgalo naye akacheka.
Nawachukia. Naandika tena: nawachukia.

Jumapili, 29 Juni
Sijafanya mazoezi tangu nigombane na Mutwiri. Mwili umekuwa mbao. Leo nimeshindwa hata kuvaa viatu, Qabale akanivalisha. Bibi harusi, amepiga magoti miguuni pa mama yake. Alimaliza kufunga lakini hakuinua uso.
"Aayo, mama, sitaki Dabo anivishe."
"Mwambie baba yako."
"Nimemwambia."

Jumatatu, 30 Juni
Nimerudi kwa Mutwiri. Hakuuliza nilikuwa wapi. Hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. Nikamwambia siombi tena kupona, naomba kufika Leparua na kusimama. Tukapanga. Barabara ikianza kunishinda, gari lisimame. Nishuke, nitembee, ninyooshe mguu, nipande tena. Nikifika, kwanza nilale chini, nifanye mazoezi yangu, ndipo nisimame.
"Utaumia," akasema. "Lakini hutavunjika."
Angalau huyu hanidanganyi.

Ijumaa, 4 Julai
Wameondoka kwenda Leparua na Qabale. Gari limejaa, ati. Magodoro, gunia la sukari, Dabo na masanduku yake. Mbuzi walipata nafasi. Mimi sikupata.

Jumapili, 6 Julai
Nimerudi. Siwezi kukaa niandike. Kesho.

Jumatatu, 7 Julai
Naandika nimelala kwa ubavu.
Jana Ekai alinichukua baada ya sala ya alfajiri. Ni dereva wa pikapu iliyokuwa ikinibebea maziwa nilipokuwa bado mtu wa biashara. Barabara ilinitafuna. Tukasimama, nikashuka, nikachechemea vumbini, nikapanda. Tukasimama tena. Na tena. Ekai akazima injini na kusema, "Usijali, mama. Leo tutafika, hata kama ni kesho." Nikacheka. Hata kucheka kuliuma.
Tulichelewa. Nikaha ilishasomwa. Ndani kumejaa wanawake, Dabo ameshika nguo za binti yangu. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mgonjwa amefika. Mtandikieni alale."
"Nitandikieni," nikasema.
Nikalala chini mbele yao wote. Magoti juu. Nikainua kiuno, nikashusha, nikainua tena. Wengine walificha midomo kwa mitandio. Wacheke. Nilipokuwa tayari nikageuka ubavu, nikajisukuma kwa mikono, nikasimama. Nikanyoosha mkono kwa Dabo.
Hakutoa nguo. Akaangalia wenzake. Hakuna aliyemsaidia.
"Mpe mama yangu," Qabale akasema.
Akanipa.
Nilimvisha mimi. Pini ikamchoma, hakulalamika. Nikamtoa nje nimemshika mkono. Au yeye ndiye alinishika. Vigelegele vikaanza. Kule upande wa wanaume Galgalo alinitazama, halafu akatazama chini.
Nilirudi mjini nimelala nyuma ya pikapu, nikilia kwa sauti. Ekai akaongeza redio ili niweze kulia vizuri.

Jumatano, 9 Julai
Siwezi kuinuka. Ni kama mwaka ule wa kwanza. Dabo anatangaza mtaani kwamba niliiaibisha familia kwa kulala sakafuni kama mtoto. Pia anasema nilijifanya, maana aliyesimama vile hawezi kuwa mgonjwa. Nikilala ni aibu, nikisimama ni uongo. Hakuna nitakachofanya na mwili huu kiwatoshe.
Mutwiri amepiga simu. Nipumzike, nirudi polepole. Nikamwambia nilimvisha. Akasema, "Asante kwa kuniambia."

Jumapili, 13 Julai
Nyumba haina sauti bila Qabale. Upepo umetulia leo.
Mchana Galgalo aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alishika kofia yake, akaizungusha mikononi. Kisha akauliza, "Inauma vipi?"
Miaka yote hii jibu lake nilikuwa nalo. Refu, lenye sumu, nimelirudia nikiosha vyombo, nikisali. Leo lilipotakiwa, halikuja. Nilikuwa nimechoka tu.
Nikamwambia anisaidie kugeukia dirishani.
Hakujua ashike wapi. Nikamwonyesha.