Ndege Asiyekula Nta

Msituni, Pemba

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua ya mvua za huku hayaniachi. Mguu wa Mama umepona? Barua yako ilinifikia imelowa, lakini niliisoma yote. Swali lako nimelala nalo siku nyingi: nirudi Inyonga msimu huu wa kurina asali, au mizinga yangu ya nyuki umpe binamu? Unasema macho yako hayamwoni tena mlembe, ndege wetu, unamsikia tu akikuita kwenye asali.

Ngoja kwanza nikusimulie upuuzi wangu.

Bwana Misitu alitutuma tuandike ndege wa msitu huu, mimi na Makame, mwenyeji wa hapa. Yuko mmoja mdogo, kiganja hakijazi, tumbo njano, mgongo kijani, na duara jeupe kuzunguka jicho utafikiri kavaa miwani. Asubuhi moja nilimkuta peke yake, analia, anaruka mti hadi mti, anangoja. Nikadhani ananiita kwenye asali kama mlembe, Baba. Nikampigia mluzi ule ulionifundisha, nikamfuata mpaka matopeni, kiatu kimoja kikabaki humo.

Makame alicheka mpaka akakaa chini. "Weye mtu wa bara, asali hapa twanunua."

Nikabisha, si unanijua. Nikatafuta sega Wete sokoni, nikamwekea kipande juu ya jani, kama tunavyomwachia mlembe fungu lake. Nikasema, akila nta basi huyu ni ndugu wa yule wetu. Hakugusa. Sisimizi walimaliza lote.

Nikamchunguza siku tatu. Kumbe hutembea kwa kundi, wanaongea njia nzima wakiokota wadudu. Anayelia vile ameachwa nyuma. Anaita mpaka wenzake wamjibu, kisha ananyamaza. Hakuwa ananiita mimi. Bwana Misitu anasema ndege huyu hayupo kokote ila kisiwa hiki, na kwa kazi ile akataka kuniajiri moja kwa moja.

Nilirudi kambini nikalia, Baba, na ndevu zangu hizi. Mluzi wangu huku hauna wa kuujibu.

Mizinga usimpe mtu. Nimemshukuru Bwana Misitu, nimemwambia naondoka mwisho wa mwezi. Wewe utasikiliza, mimi nitaangalia.

Nisalimie Mama, shangazi mpika pombe ya asali, na binamu, asinune.

Ukimsikia mlembe kabla sijafika, mpigie mluzi, mwambie angoje kidogo.

Mwanao mbishi,
Paulo