Boti Isiyo na Dirisha la Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Ndivyo mama alivyotulea. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya huko kwenye kiwanda cha boti, na kwamba ile baridi uliyokuwa ukiilalamikia imepungua makali. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunapumua. Mama anatembea vizuri, goti lake limetulia. Wifi na watoto ni wazima, nilikuwa kwao jana. Yule mdogo wao ameng'oka meno ya mbele na sasa kila neno analitoa kwa kupuliza. Mimi mwenyewe mwili hauna neno. Hali ya moyo wangu ndiyo iliyonikalisha mezani kukuandikia, maana kwa simu ningepiga kelele, na wewe ungekata kama ulivyokata mara ya mwisho.

Ujumbe wako niliupata. Umeniambia nitulie, nifunge mdomo, mambo umeshayapanga na jina langu halitaguswa. Ukaongeza kwamba nimshukuru Mungu kwa kunipa kaka. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama jikoni. Nikushukuru? Kwa lipi? Hivi wewe uso huo uliununua wapi?

Ngoja nianze na ile boti mpya ya kuvutia vyombo, kwa sababu boti ndiyo unayoipenda kuliko watu. Na wala sitaki useme naionea. Ni nzuri. Injini zake zinanguruma chini kwa chini, mtu anaweza kunywa chai juu yake bila kuimwaga. Zile pangaboi zake zinazogeuka pande zote zinaipeleka hata ubavu ubavu, na winchi yake inavuta tishari lililosheheni mawe bila kukohoa. Siku ya kwanza nilipoishika nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilijivunia kwamba kaka yangu ndiye aliyekwenda kuichagua, na kwamba mimi ndiye nahodha wake. Hilo nalisema ili ujue nilianzia wapi.

Lakini ile boti kuukuu, pamoja na kuvuja mafuta kila kona, ilikuwa na dirisha la nyuma. Nahodha anageuza shingo, anaona sitaha yote. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi pale pale, kabla hujapanda ngazi kwenda ofisini ukawa mhandisi mkuu wa vyombo. Ulinifundisha kwamba baharia akishaingiza kitanzi cha kamba kwenye nguzo, anarudi nyuma ya mstari wa njano na kuinua mkono, kiganja wazi. Hapo ndipo unavuta. Hujaona kiganja, huvuti, hata rubani wa meli akutukane kwenye redio mpaka sauti imkauke. Siku niliyotaka kuvuta kwa kukisia ulinifokea mbele ya wenzangu wote, na ulikuwa na haki.

Sasa kwenye boti yako mpya ukigeuza shingo unatazamana na ukuta wa chuma na mabomba mawili ya moshi. Ulisema dirisha la nini wakati kuna kamera. Mwenye kiwanda alikuambia muundo ule unatoka haraka, na wewe ulikuwa umeshawaahidi wakubwa siku ya uzinduzi. Basi nahodha akapewa skrini.

Siku ya kuipokea, mimi na Fundi wa injini tulikwambia picha inachelewa. Hatukukwambia kwa mafumbo. Fundi alisimama nyuma kabisa akainua mkono, akaushusha, na kwenye skrini mkono ukawa bado uko juu, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Wewe mwenyewe ulitoka ukajaribu kwa kofia yako. Ukarudi unacheka, ukasema picha ina uvivu wa Jumatatu asubuhi, mafundi wa kamera watakuja kuirekebisha, na sisi kwa sasa tutazoea. Wageni rasmi walikuwa wameshakaa kwenye viti gatini. Utepe ukakatwa, mkapiga picha mkitabasamu, boti ikaingia kazini, na hao mafundi wa kamera mpaka leo sijaona hata kivuli chao. Nikikukumbusha unasema mtazoea. Nikikukumbusha tena unaniita Domo, jina la utotoni, mbele ya watu wa ofisi, wanacheka, yanaisha.

Na kweli tukazoea, hapo ndipo tulipojimaliza. Tulijitungia dawa yetu. Nikiona kiganja kwenye skrini, navuta pumzi moja kwanza, ndipo niongeze moto. Tuliona tumeipiga chenga ile kamera. Wote tuliamini hivyo, mimi, Fundi, shemeji, mabaharia wote, na kila boti ilipofika salama tukazidi kuamini. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba unaposubiri, bado unachokitazama ni cha nyuma. Subiri pumzi kumi ukitaka, kiganja unachokiona ni kile kile kilichokwisha kupita.

Siku ya ajali tulikuwa tunavuta tishari la mawe kwenda kwenye ujenzi wa gati. Mchana kweupe, maji yametulia, hakuna upepo wa kusingizia. Shemeji alikuwa nyuma kwenye kamba kama kawaida yake, na wewe unajua hakuna baharia makini kumzidi mume wa mdogo wetu. Aliingiza kitanzi, akarudi nyuma ya mstari, akainua kiganja. Nikakiona. Nikavuta pumzi yangu. Katika pumzi hiyo yeye aliona kamba imenasa kwenye ukingo, akashusha mkono, akaingia kuitegua kwa mguu. Redio ilikuwa kifuani, mikono yote miwili ina kazi. Kwenye skrini yangu alikuwa bado amesimama mahali pake, kiganja juu, salama salimini. Nikavuta.

Nilisikia ukelele wake, nikatupa jicho kwenye skrini. Shemeji ndiyo kwanza anaushusha mkono.

Kaka, hilo nitakwenda nalo kaburini. Fundi alimfunga mguu kwa mkanda wa suruali yake, akawa anashika suruali kwa mkono mmoja na shemeji kwa mwingine mpaka tulipofika gatini. Madaktari walijitahidi, wakashindwa. Mguu umekatwa chini ya goti. Hayo unayajua. Nayaandika kwa sababu katika ripoti yako ya ajali hayamo. Mle mna mstari mmoja tu, kwamba baharia alitoa ishara ya kuvuta kisha akakiuka utaratibu kwa kurudi eneo la kamba.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza baada ya wewe kusafiri, mdogo wetu alikuwa anamlisha uji. Shemeji alinishika mkono kabla sijakaa. Nilijua atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Mkono wangu ulikudanganya."

Nikauliza nani kamwambia hivyo. Akasema kaka alipita kabla ya safari, akamletea matunda, akakaa naye kwa upole, akamweleza kwamba picha zote zimeangaliwa na kosa ni lake, ila asijali, kampuni haitamfukuza kwa fedheha mradi akubali. Naye akakubali. Aliamini kwa sababu ni wewe. Mtu aliyewafundisha mabaharia wote wapya maana ya ule mstari wa njano sasa anawakataza wasije kumtazama, eti ana aibu. Anageukia ukutani wakipita. Na mdogo wetu, Mungu amsamehe, alikuwa ameshaanza kumsemea kwa ukali kidogo kidogo, kama mtu aliyejikata mwenyewe kwa uzembe. Umemkata mguu, ukaona hautoshi, ukamkata na kichwa.

Nilikupigia siku ile ile. Unakumbuka ulivyonijibu? Mguu umeshakwenda, haurudi. Kwa nini tupoteze na nahodha, tupoteze na mhandisi, wakati nyumba nzima ya mama imeegemea sisi wawili. Nikakwambia shemeji naye ni wa nyumba hiyo. Ukasema yeye ni mtu wa kuja.

Mtu wa kuja! Baba alipolazwa, mimi nilikuwa baharini na wewe ulikuwa kwenye viwanda vyako ukichagua rangi za boti. Nani alikuwa anambeba kumpeleka bafuni? Nani alikuwa anamnyoa ndevu, anamgeuza ubavu, anafua yale mashuka bila kukunja uso? Huyo huyo mtu wa kuja. Sisi wenye damu tulifika kuzika. Nikikumbuka ulivyolitamka lile neno, natamani ungekuwa hapa mbele yangu, mkubwa wangu au si mkubwa wangu.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa. Nimekwenda kwenye kamati ya uchunguzi. Sikuitwa, nilikwenda kwa miguu yangu. Nimewaambia kwamba mimi ndiye niliyevuta, na kwamba nilivuta kwa kutegemea skrini niliyojua inachelewa. Nimewaambia kwamba na wewe ulijua, tangu siku ya kuipokea, na nimewasimulia habari ya kofia yako. Fundi alikuwa nyuma yangu, akasema ni kweli, aliiona kofia hiyo kwa macho yake. Ndiyo, nimekuchoma. Nimekuchoma, na nimejichoma pamoja nawe.

Mwanzoni hawakuamini. Mwenyekiti wao, mzee mmoja mwenye miwani mikubwa, aliniuliza kama nina ugomvi na kaka yangu wa mambo ya nyumbani. Nikawaomba twende kwenye boti. Ikiwa imefungwa pale pale gatini, nilimwomba mkaguzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, asimame nyuma kwenye mstari wa njano na kuinua mkono. Mwenyekiti nikamweka kwenye kiti changu mbele ya skrini. Mkaguzi akasema kwenye redio kwamba ameshaushusha. Mzee akamwambia bado, mama, ushushe. Akamjibu kwamba mkono uko mfukoni. Alisema hivyo huku mzee anautazama uko juu. Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaomba warudie. Walirudia mpaka hakuna aliyetaka kurudia.

Boti zote mbili za muundo ule, yangu na pacha wake, zimesimamishwa. Cheti changu cha unahodha wamekichukua, na sijui kama nitakiona tena, sitawalaumu. Ripoti yako wameirudisha, na wewe watakuita ukirudi. Usije ukadhani nilifanya hivyo kwa hasira, ingawa hasira ninayo ya kumwagia watu. Nilifanya kwa sababu kila nikifumba macho namwona yule mtu anaomba msamaha.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja hospitali. Niliwaambia wote wawili, yeye na mdogo wetu, bila kukwepa kitu, sehemu yangu kwanza kisha yako. Mdogo wetu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimwinamia mumewe akamwomba radhi kwa maneno yote aliyomsemea, akalia sana. Kisha akanigeukia, akaniambia nisikanyage tena nyumbani kwake mpaka atakaponiita mwenyewe, na kwamba wewe usisubiri kuitwa. Mama ameambiwa. Ameitoa ile picha yako ya uzinduzi ukutani, akaiweka kabatini kifudifudi, akaendelea kukunja nguo.

Nilidhani shemeji naye atanifukuza, na ningetoka. Alikuwa anakitazama kiganja chake, anakigeuza huku na huku, halafu akakiweka juu ya shuka. Nikamwambia sema lolote, tukana, nastahili kutukanwa. Akauliza wewe uko wapi sasa hivi. Nikamwambia uko kiwandani, unasimamia boti ya tatu, karibu utaipokea. Akatikisa kichwa kidogo. Hakuuliza habari ya kazi yake, wala ya kampuni, wala ya kesi.

Akauliza, "Na hiyo ya tatu, ina dirisha nyuma?"

Nilitoka nikasimama kwenye korido nikajizuia nisipige ukuta. Ndilo swali nililokuletea, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Msamaha utaomba mwenyewe kwa mdomo wako, ukipata wa kukufungulia mlango. Lakini hili nijibu leo, kabla hujaipokea, nimpelekee.

Wifi nimemweleza yote mwenyewe ili asije akayasikia mtaani. Anakusalimu, ila kwa sauti ndogo. Watoto wanakusalimu kwa sauti kubwa, wao hawajui. Funika kifua na baridi hiyo.

Ni mimi, mdogo wako unayempenda, niliyekukasirikia kuliko mtu yeyote duniani.

Kama huo ukuta wa chuma wa nyuma bado hawajaufunga, waambie waukate dirisha.