Lifti Isiyofika Mlangoni

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mafundi wamemaliza. Lifti mpya! Wameijengea mnara nyuma ya ghorofa letu hili kuukuu la serikali, rangi bado inanuka. Mume wangu Mikdad hajakanyaga ardhi tangu mwezi wa Rajabu, sukari ilipomnyang'anya mguu. Ghorofa ya tatu, kiti cha magurudumu – utashukaje? Na haombi kikubwa, maskini. Anataka swala ya Ijumaa pamoja na wenzake, basi. Kanzu keshanipigisha pasi leo, Jumatatu! Eti bwana harusi hajiandai siku ya ndoa. Nimecheka hadi machozi. Alhamdulillahi.

Jumatano, 4 Septemba

Kinyaa. Sina neno lingine.

Wakubwa wamekuja, wamekata utepe, wamekula pilau, wamepanda na kushuka wakipigana picha. Nami nikapanda. Mlango unafunguka – siko kwetu. Niko kwenye kona ya ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu! Nikamuuliza msimamizi wa ujenzi, mwenye kiti cha magurudumu anafikaje hapa? Akasema majengo ya zamani ndivyo yalivyo, lifti haikuwa na pengine pa kutokea. "Ngazi chache tu hizo, mama." Chache! Kwa miguu yake miwili. Huku anachokoa nyama ya pilau menoni.

Nimemwambia Mikdad. Akasema: "Vijana watanibeba hadi hapo, Adila. Nikishaingia ndani, nimefika."

Alhamisi, 5 Septemba

Wameshaikojolea. Siku moja tu! Watu wazima, wenye wake zao. Na makohozi ukutani. Astaghfirullah, hao hao ndio wanaoitikia "amini" kwa sauti kuliko wote.

Na madumu. Maji ya bomba hayapandi huku juu, basi lifti imekuwa punda wa maji, kutwa.

Ijumaa, 6 Septemba

Muzammil wa chini na nduguye wamembeba na kiti chake hadi mlango wa lifti, wakakimbilia msikitini. Kanzu inang'aa. Lifti ikaja – imejaa madumu ya Shadya, anayeuza maji ghorofa ya nne. Nikamwomba atupishe.

"Shikamoo, dada Adila. Nikiyatoa nitayarudisha na nani? Nashusha mzigo juu, narudi sasa hivi."

Hajarudi. Kauwekea mlango dumu huko juu usijifunge, anahudumia wateja kwanza. Hotuba tukaisikilizia pale pale, kwa kipaza sauti. Ikaisha. Swala ikakimiwa, wakaanza.

Mikdad akasema, basi nitaswali hapa. Hapa? Mkojo wa lifti umechuruzika hadi chini ya magurudumu! Akasema, paoshe.

Nimepanda ndani kuchukua maji. Ndoo tupu, bomba linakoroma tu. Nimekaa niandike, mdomo usije ukatamka ulichobeba. Juu namsikia Shadya anacheka na wateja wake. Na Mikdad ananiita kutoka ngazini, taratibu, bila hasira. Anauliza maji nimepata?