Karanga za Mbegu

Kijijini, karibu na Ntalikwa,
Tabora.
12 Januari, 1975.

Dada mpenzi Mwamvita,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto hapo Mtendeni. Mimi sijambo, na ndoa, dada, ni tamu kuliko ulivyonisimulia. Ni mwezi wa tatu sasa na bado moyo hunienda mbio Lukumani akirudi kutoka shamba. Kijiji kinamwita Bwana Shamba. Mimi namwita jina ambalo siliandiki hapa.

Habari za shamba la ujamaa si nzuri. Karanga zimeota chache, na zilizoota zinanyauka. Shina limeoza pale linapogusa udongo, limejaa unga mweusi. Lukumani alinipeleka kuziona. Alisema ni ukungu, nao hauna meno. Unatoa vimeng'enya, kama vile vya tumboni mwetu, kuyeyusha ngozi ya mmea. Kimeng'enya peke yake hakifiki mbali, lakini kikishikana na protini nyingine kinapata nguvu ya kupenya. Akaunganisha vidole vyake na vyangu ili nielewe. Nilielewa mara moja, ila nilimwomba aeleze tena. Nilipouliza dawa, alisema mbegu ikishaugua ardhini hakuna la kufanya ila kutazama.

Sasa watu wanamsema. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasimiri, alisema mkutanoni kwamba bwana shamba alikuwa akimkagua bi harusi badala ya ghala la mbegu. Watu walicheka. Lukumani naye alicheka kidogo, kisha akainama.

Dada, ghala halikuwa na kosa. Mwezi wa kumi na moja kila nyumba ilipewa karanga za mbegu kumenya. Mama Mahona, jirani yangu, alinitania kwamba vidole vyangu vyenye hina ni vya kushikia kikombe cha chai tu, nami nikataka kumaliza wa kwanza. Nikaziloweka na maganda yake ili yalainike, nikamenya, nikazifunga guniani zikiwa bado na maji, nikakimbilia kuoga maana mume wangu alikuwa anarudi. Nilipozipeleka ghalani zilikuwa zinanuka. Zikachanganywa na za wote. Nilinyamaza.

Jana Lukumani aliiandikia wilaya barua, akikubali kwamba yeye ndiye aliyehifadhi mbegu vibaya, ili kijiji kipewe nyingine. Akaniomba niinakili, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nimeinakili, dada, sikukosea hata herufi moja. Akanibusu mkono, na leo asubuhi ameipeleka.

Wabusu watoto. Mama mwambie nimenenepa, mengine usimwambie.

Mdogo wako akupendaye,
Sikuzani